AC ya ukutani ina bei mbili, na ya pili unailipa kwenye LUKU

Shangazi yangu anakaa Pasua hapa Moshi, na wanaoijua Pasua ya mwezi wa pili wanajua nachosema. Saa nne usiku jua limezama zamani lakini ukuta ukiugusa bado una moto, bati linashusha joto lote lililokusanya mchana, unalala unaamka shuka limelowa. Amevumilia miaka mingi, presha ikaanza kumsumbua, basi msimu uliopita watoto wakachanga wakamnunulia AC ya ukutani, BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza), ile ya kawaida isiyo inverta, tofauti yake ntaieleza mbele, maana ndo ilikuwa bei rahisi dukani. Tulifurahi wote kwa kweli. Wiki tatu baadae akanipigia: "Mwanangu, hebu pita hapa uniangalizie hii mita, nadhani imeharibika."

Mita ilikuwa nzima. Tukakaa barazani na kalamu na karatasi tukaanza kupiga hesabu, na hiyo hesabu ndo nataka niiweke hapa maana naona watu wengi wananunua AC kwa kuangalia bei ya dukani tu, alafu bei ya pili inawakuta ndani.

Kabla ya AC shangazi alikuwa tarifu 4, ile ya matumizi madogo majumbani. Pale uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukiweka na makato ya kodi na tozo inakuja 122. Taa, friji dogo, tivii, alikuwa anatumia uniti kama 70 kwa mwezi, hiyo ni 8,540. Sasa ile AC ikiwa inavuta inakula kama kilowati 1.15, haivuti muda wote, inawaka inazima, tuseme asilimia 60 ya muda, kwa masaa nane ya usiku hiyo ni uniti tano na nusu (uniti moja ni kilowati moja ikivutwa saa nzima). Kwa mwezi ni 165. Jumlisha na zile 70 zake unapata 235.

Hapa ndo penye siri. Tarifu 4 ukivuka uniti 75, zile zinazozidi haziendelei na bei ya 100, zinapanda mpaka 350 kabla ya makato, yaani 427 mkononi. Ukiendelea kuzidi mwezi baada ya mwezi unahamia tarifu 1, ambako kila uniti ni 292, na makato inafika 356, kuanzia uniti ya kwanza kabisa. Kwa hiyo shangazi hakulipia AC peke yake. Zile uniti 70 za taa na friji alizokuwa anazinunua kwa 8,540 sasa, kwa bei ya tarifu 1, zinamgharimu karibu 25,000, na juu yake AC inadai 58,000 na kitu. Jumla elfu themanini na tatu na zaidi kwa mwezi, kwa mama anayeishi kwa pensheni na kuku. Ukitaka kujua AC inakula shilingi ngapi kwa mtu aliyekuwa tarifu 4, lazima uhesabu na ile punguzo aliyoipoteza, na sijawahi kusikia muuzaji akimweleza mteja hicho kitu.

Ukiwa na risiti ya LUKU karibu iangalie. Kwenye tarifu 1 ukinunua umeme wa elfu kumi, umeme wenyewe ni 8,196.72, VAT asilimia 18 ni 1,475.41, EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 ni 245.90, unapata uniti 28. Hiyo ya REA ikumbuke, ntairudia.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. AC haitengenezi baridi, inachofanya ni kuchota joto la ndani na kulimwaga nje. Chukulia mvuvi pale bwawa la Nyumba ya Mungu na mtumbwi wake unaovuja, anachota maji na kopo anamwaga nje, na maji yanaendelea kuingia. Maji ni joto, kopo ni kompresa, matundu ya mtumbwi ni bati lako na madirisha yako. Ufanisi wa AC ni kujua mvuvi anachota makopo mangapi kwa jasho lile lile, na ndo maana uniti moja ya umeme inaweza kutoa nje uniti tatu za joto, au nne, au zaidi, hakuna uchawi hapo maana joto lilikuwepo tayari, umeme unalihamisha tu.

Hicho kipimo huhitaji kuwa injinia kukipata. Nenda dukani, inamia upande wa mashine, kuna stika ya maandishi madogo watu wengi hawaisomi. Tafuta namba mbili, uwezo wa kupoza na umeme unaotumika wa kawaida, zote ziko kwenye wati au kilowati (kama uwezo umeandikwa kwa BTU gawa kwa 3,412 upate kilowati). Toa simu ugawe ya kwanza kwa ya pili. Juzi nimefanya hivyo kwenye duka moja hapa mjini, AC mbili zimekaa pamoja zote zinaitwa za 12,000. Moja inapoza 3.4 na inakula 1.25, jibu 2.7. Ya pili inapoza 3.5 na inakula 0.95, jibu 3.7. Kwa macho ni pacha kabisa, nyeupe, zina rimoti, ila moja inatumia umeme kama theluthi moja zaidi ya mwenzake kufanya kazi ile ile. Angalizo moja, kwenye stika kuna namba nyingine ya umeme wa juu kabisa, hiyo ni ya fundi kuchagulia waya na breka, usigawe kwa hiyo.

Inverta nayo ieleweke. AC ya kawaida ina hali mbili, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Mvuvi anachota kama kichaa, anapumzika mtumbwi ujae, anachota tena kama kichaa. Ya inverta inachota kwa nguvu mpaka chumba kifike kiwango, alafu inapunguza mwendo inachota taratibu kulingana na maji yanayoingia, na kompresa ikienda taratibu ufanisi wake unapanda. Ndo maana chumba kile kile ambacho AC ya kawaida inakula uniti tano na nusu kwa usiku, inverta nzuri inaweza kukaa kwenye tatu na kidogo. Kuijua kama ni inverta kweli, angalia tena ile stika, ya kweli inaandika uwezo kwa kutoka na kufika, mfano 0.9 mpaka 3.9 kwenye mabano, maana mwendo wake unabadilika. Ukikuta namba moja tu, na neno inverta limebandikwa mbele kwa rangi kubwa, muulize muuzaji vizuri kabla hujatoa hela.

Je inalipa? Kwa shangazi, inverta ingemwokolea uniti kama 69 kwa mwezi, hiyo ni elfu ishirini na nne na nusu. Msimu wetu wa joto Moshi ni mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, kwa hiyo kama laki moja kwa msimu. Tuseme tofauti ya bei dukani ni laki tatu (uliza mwenyewe maana bei zinabadilika kila siku), inarudi baada ya misimu mitatu na AC inayotunzwa inakaa kumi. Lakini mwenye gest ya vyumba kumi, vikijaa usiku 100 kwa msimu, anaokoa uniti 2,300, laki nane na zaidi kila msimu. Kwake kununua ya kawaida ni kuchoma hela, na inaniuma kweli naposikia mtu kajenga gest nzuri kafunga AC kumi za bei rahisi, alafu anaficha rimoti mapokezi ili wageni wasiwashe.

Na Arusha? Ndugu zangu wa Arusha mko kama mita 1,400 juu ya bahari, nyumbani wengi hamhitaji AC kabisa, fungua dirisha. Za ofisini, maabara na vyumba vya sava ni habari nyingine, zile zinawaka mwaka mzima na ufanisi wake ndo wa kuangaliwa kuliko zote.

Sasa hela za kuvutia watu wanunue zenye ufanisi. Nchi nyingi zimeona kwamba mnunuzi anaangalia bei ya kwanza, kwa hiyo wanaziba lile pengo. Marekani kuanzia 2023 mpaka mwisho wa 2025, aliyefunga pampu ya joto, ambayo ndo hii hii AC ya ukutani ila inapoza na kupasha, ikiwa imefikia kiwango cha juu cha ufanisi, alipunguziwa kodi asilimia 30 ya gharama isizidi dola 2,000 kwa mwaka. Sheria ya mwezi wa saba 2025 ndo ikaikatisha. Ulaya wao wana lebo, herufi zinapanda mpaka A+++, na hiyo ya juu kabisa inataka ufanisi wa msimu wa 8.5 na kuendelea. Kwa hiyo ukikuta AC imebandikwa A moja peke yake usirukeruke, juu yake kuna ngazi tatu. Majirani zetu Kenya wana lebo ya nyota, moja mpaka tano, na zinazoanguka chini ya kiwango haziruhusiwi sokoni. Ghana walikwenda mbali zaidi, waliweka kiwango cha AC tangu 2005, 2008 wakapitisha sheria ya kupiga marufuku friji na AC za mtumba zinazoingia, ikaanza kusimamiwa 2013, na kwenye friji wakatoa punguzo kwa anayerudisha la zamani. Hii ya mtumba inatuhusu sana sisi. AC iliyotolewa kwenye hoteli ya Ulaya baada ya miaka kumi na tano haiwi nzuri kwa sababu imefika Moshi, inakuja na ulaji wake ule ule, na mara nyingi na gesi ya zamani ya R22 ambayo dunia inaiondoa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni.

Kwetu ukinunua AC hakuna anayekurudishia hata shilingi. Kuna mkakati wa taifa wa matumizi bora ya nishati wa 2024 mpaka 2034, ni jambo jema, ila dukani mnunuzi bado yuko peke yake na stika yake. Ambacho kipo, na wengi wanakiacha mezani, ni cha wafanyabiashara. Kama gest au ofisi yako imesajiliwa VAT, ile asilimia 18 uliyolipa kwenye AC ya biashara unaweza kuidai kwenye ritani, sharti uwe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, yenye TIN yako. AC yenyewe inaingia kwenye mahesabu ya uchakavu kila mwaka ikipunguza faida inayotozwa kodi. Sasa mtu anakubali "bei bila risiti" apunguziwe elfu hamsini, wakati VAT kwenye AC ya milioni moja na laki moja na themanini ni laki moja na themanini. Amejikata mwenyewe.

Na hapa ndo narudi kwenye ile REA ya kwenye risiti. Kila mnunuzi wa LUKU anachangia asilimia 3 umeme ufike vijijini, na tumeona mitungi ya gesi ya kilo 6 ikiuzwa kwa nusu bei kwa ruzuku kupitia REA hiyo hiyo. Kodi ya majengo nayo inakatwa kwenye LUKU kidogo kidogo. Kwa hiyo njia za kukusanya hela kwa awamu na za kutoa ruzuku tayari tunazo, zinafanya kazi. Mi naona kabisa inawezekana mtu akapewa AC ya inverta au friji lenye ufanisi, akalipa kwa makato madogo kila anaponunua umeme, na makato yakiwa madogo kuliko umeme anaouokoa mfuko wake hausikii maumivu. Ghana wamejaribu kitu kinachofanana, mfanyakazi anakopa friji au AC yenye ufanisi anakatwa kwenye mshahara. Hii ingemsaidia mtu kama shangazi kuliko kitu chochote, maana tatizo lake halikuwa ujinga, hela ya kwanza ndo haikutosha.

Na nchi nayo ingepata. Bwawa letu la Nyumba ya Mungu lina uwezo wa megawati 8. AC kama ya shangazi zikiwashwa kwa pamoja elfu saba hivi, zimelimeza lote. Umeme mwingi wa nchi unazalishwa kusini na pwani, Rufiji na kwenye gesi, mpaka ufike Kilimanjaro umesafiri mbali na mwingine umepotea njiani, ndo maana 2025 serikali ikaeleza mpango wa kuchukua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda yetu. Wakati wa jioni umeme unaposhuka taa zinafifia, na bodi za inverta hazipendi kabisa huo mchezo, kwa hiyo ukinunua inverta weka na kifaa cha kulinda umeme wa juu na wa chini, usikiruke.

Ila kabla ya yote hayo, ziba mtumbwi. Nyumba ya shangazi haikuwa na dari, bati tupu. Unaweza kufunga AC ya ufanisi wa aina gani, chini ya bati la saa nane mchana inachota bahari. Dari ya jipsam yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, matundu ya kutolea hewa ya moto pembeni, pazia zito dirisha la magharibi, mti upande linapozamia jua. Hivi havina lebo ya nyota lakini vinapunguza mzigo kiasi kwamba chumba kilichotaka 12,000 kinatosheka na 9,000. Na rimoti iache kwenye 25 au 26. Mchana nje kukiwa 32 ukaweka 25, tofauti ni nyuzi 7, ukiweka 18 tofauti ni 14, joto linajipenyeza ndani mara mbili. Na kuweka 16 ili chumba kipoe haraka hakusaidii kwenye ya kawaida, inapoza kwa kasi ile ile ila haijui pa kusimama.

Mafundi wetu nao, kuna wazuri sana na kuna wanaotuumiza. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari, iko kwenye mfumo uliofungwa, kwa hiyo ukiambiwa kila mwaka "imepungua tuongeze", kuna tundu, alitafute, alizibe, ndo ajaze. Wakati wa kufunga, hewa kwenye mabomba inatolewa na pampu yake ya kunyonya. Anayefungua gesi kidogo isukume hewa nje anakuachia unyevu ndani, anapoteza gesi uliyoinunua, na kama ni gesi ya R410A ile anayoipuliza hewani kilo moja inapasha dunia sawa na kilo zaidi ya 2,000 za hewa ya ukaa. R32 ni kama 675, nafuu, ila inashika moto kidogo kwa hiyo inataka fundi anayeijua. Mashine ya nje isikae ukuta unaopigwa na jua la jioni wala isifungiwe kwenye kiboksi cha nondo na bati kwa kuogopa wezi, inapumua humo humo joto lake. Filta ya ndani ioshwe kila baada ya wiki mbili tatu, kwa vumbi letu la kiangazi mwezi ni mrefu.

Shangazi hatukumnunulia AC nyingine. Tulichanga tena, chumba cha kulala kikapata dari ya jipsam, na feni ya wati 50. Sasa anawasha AC saa tatu usiku kwenye 26, saa tano anaizima anaachia feni mpaka asubuhi. Uniti mbili na kidogo za AC, sehemu nne ya kumi ya uniti kwa feni, mwezi mzima na vitu vyake vingine anakuja kama 150, elfu hamsini na tatu, kutoka themanini na tatu. Nyuma ya mlango ana kalenda, kila usiku kabla ya kulala anaandika namba ya mita kwa kalamu nyekundu. Jumapili kanipigia nikajua ni mita tena, kumbe anauliza sebule itakula bodi ngapi za jipsam.